Kabla Fundi Hajashika Spana: Mwongozo wa Bili ya Gereji na Waranti ya Gari

Maswali ni yaleyale, yanabadilika namba za gari tu. "Gari bado lina waranti, mbona nimeambiwa nilipie pedi za breki?" "Nimenunua giaboksi ya mtumba, imekufa kabla ya mwezi, muuzaji hapokei simu." "Fundi alisema laki mbili, sasa anasema laki saba na gari liko juu ya mawe." Nimeyakusanya yote hapa. Mwongozo huu ni wako unayemiliki gari Tanzania, hasa la Japani lililotumika, ingawa mwenye gari jipya la shoruumu naye ana lake kwenye hatua ya 2 na ya 8. Wa Nairobi na Kampala mtabadilisha mitaa ya spea tu: penye Gerezani na Shauri Moyo, someni Kirinyaga Road au Kisekka.

Kwa nini bei zimepanda, sitakuchosha. Karibu kila spea inayofungwa hapa imelipiwa kwa dola, na mwaka 2024 dola moja ilivuka Sh2,700. Shilingi ilipata nguvu baadaye, ila bei dukani zina tabia ya kupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi. Jambo la pili ni magari yenyewe. Enzi za Corolla 110 fundi wa chini ya mwembe alimaliza kazi kwa spana na bisibisi. Leo kuna giaboksi ya CVT (otomatiki ya mkanda wa chuma, si ya gia za kawaida) isiyotaka oili yoyote isipokuwa ya kwake, kuna haibridi (petroli na umeme pamoja) yenye betri ya volti mia mbili na zaidi, kuna taa ya mbele ya LED ambayo ikigongwa hununui balbu, unanunua taa nzima. Hilo huwezi kulizuia. Unachoweza kuzuia ni pesa inayopotea kwenye makubaliano ya mdomo, na hiyo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya gari, na picha ya namba ya chesisi uliyoipiga mwenyewe kwenye gari. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu 17. Yana fupi, mfano NCP60 ikifuatiwa na kistari na tarakimu saba.
- Mkataba wa waranti, kurasa zote. Karatasi ya mbele yenye nembo na saini haitoshi.
- Daftari la sevisi: tarehe, kilomita, kilichofanyika, nani alifanya. Bandika risiti za EFD, zile za mashine ya kodi ya serikali, humo humo, na uzipige picha, maana wino wake hufutika.
- Hati ya bima, ujue kama ni kubwa au ndogo.
- Kifaa kidogo cha kusoma kodi za injini, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth. Ni cha bei ndogo. Angalizo: Japani ilianza kulazimisha mfumo wa sasa wa kusoma kodi mwaka 2008, kwa hiyo gari la zamani zaidi linaweza kukataa kuongea na kifaa chako japo tundu linaingia vizuri. Hapo kifaa hakijaharibika. Utahitaji mashine kubwa ya fundi umeme.
- Namba ya fundi wa pili, asiyejuana na wa kwanza.

Hatua ya 1: Jua gari lako liko kundi gani

Gari jipya kutoka kwa wakala rasmi lina waranti ya kiwanda. Muda unatofautiana, unaokutana nao sana ni miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia.

Gari lililotumika uliloagiza Japani halina waranti ya kiwanda hapa. Kule kwao watengenezaji kwa kawaida hutoa miaka 3 au kilomita 60,000 kwa gari kwa ujumla, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa injini, giaboksi na mifumo mikubwa. Hiyo ni kwa gari linalotumika Japani. Likipanda meli, limeiacha bandarini. Cheti cha ukaguzi ulichopewa kinasema gari lilikuwaje siku ya kukaguliwa; hakimwahidi mtu kulitengeneza.

Gari la yadi ya mjini lina waranti pale tu mwenye yadi alipokuandikia. "Chukua tu bosi, hili halina shida" siyo waranti. Gari la mtu binafsi halina kitu, labda kama ni jipya kiasi kwamba ya kiwanda haijaisha na mkataba unaruhusu ihamie kwa mmiliki wa pili. Uliza wakala kwa namba ya chesisi kabla hujalipa.

Hatua ya 2: Soma waranti ukianzia nyuma

Kurasa za mbele zinaahidi. Za nyuma ndizo zinazosema watakukataa lini. Chukua kalamu utafute mambo haya:

*Vitu vinavyolika.* Pedi za breki, diski ya klachi, wipa, belti, filta, balbu, plagi na oili havimo. Ndiyo maana ulilipia pedi. Betri ya kawaida mara nyingi ina muda wake mfupi, na tairi lina waranti ya kampuni ya tairi, si ya gari.

*Kinachotangulia.* Hapa ndipo wenye magari ya teksi za mtandaoni, kama Bolt, wanapoumia. Chukua miaka 3 au kilomita 100,000. Ukikimbiza kilomita 200 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, unafika 100,000 ndani ya miezi 20. Miaka mitatu ilikuwa ya mtu mwingine. Na huenda usifike hata hapo, kwa sababu mikataba mingi inakata au kupunguza waranti ya gari la biashara. Soma neno hilo kabla hujaliingiza gari barabarani kubeba abiria.

*Sevisi.* Umetakiwa kwenda kila kilomita ngapi, na umeruhusiwa kuchelewa kwa kilomita ngapi? Kama ni kila 5,000 na ukaenda kwenye 8,000, umewapa mlango wa kutokea.

*Marekebisho.* Kuinua gari, kubadilisha rimu, kuunga waya za redio na kengele, na kwa Dar sasa, kufunga mfumo wa gesi. Gesi inaokoa hela, siipingi. Lakini gari likiwa bado ndani ya waranti ya injini, peleka barua kwa wakala uulize kabla ya kufunga, na jibu liwe la maandishi. Fundi wa gesi hata awe mzuri vipi hawezi kukusemea kwa mtengenezaji wa gari.

*Ufundi na gharama za pembeni.* Waranti nyingine, hasa zile za kununua za ziada, zinalipa spea peke yake. Saa za fundi, oili mpya na kuvutwa na bredauni ni juu yako. Hasara ya kutofanya kazi wiki mbili hailipwi karibu na yeyote.

Angalizo kwa wapenda video za mtandaoni: kuna mafundi wa Marekani wanaosema wakala hawezi kufuta waranti kwa sababu tu umefanya sevisi kwa fundi wa nje. Kwao ni kweli, wana sheria ya mwaka 1975 inayokataza hilo. Ulaya nako kuna kanuni za namna hiyo. Wewe umesaini mkataba Dar es Salaam. Fuata ulichosaini.

Hatua ya 3: Peleka dalili, usipeleke jibu

Ukimwambia fundi "badilisha shokapu," atabadilisha shokapu. Mlio ukibaki, hana kosa, umeagiza, ameleta. Mwambie hivi: "Nikipita tuta taratibu linagonga mbele kushoto, mara moja, lami iliyonyooka halilii." Hapo mzigo wa kutafuta ugonjwa ni wake, na mara nyingi utakuta ni linki ya stebilaiza au bushi, vitu vya bei ya chini sana ukilinganisha na shokapu.

Andika dalili kwenye simu kabla hujatoka nyumbani: linaanza likiwa la baridi au la moto, kasi gani, ukikata kona ipi, taa gani iliwaka kwenye dashibodi. Kama ni mlio, rekodi. Magari yana tabia ya kunyamaza yakiona geti la gereji.

Hatua ya 4: Pima kwanza, badilisha baadaye

Hii ndiyo hatua inayookoa hela nyingi na ndiyo watu wanairuka. Kodi ya injini inakuonyesha mahali pa kuangalia. Haisemi nunua nini. P0420, kwa mfano, inasema kichujio cha moshi kinaonekana hakifanyi kazi vizuri. Chanzo kinaweza kuwa sensa ya oksijeni, ekzosi inayovuja, au kichujio chenyewe, ambacho ndicho ghali kuliko vyote.

Mfano ninaoupenda ni wa koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuchoma mafuta, kwa sababu kila mtu anaweza kuusimamia. Gari linatetemeka, taa ya injini inawaka, kifaa kinasoma P0301, maana yake silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Fundi mwenye haraka atakuuzia koili nne na plagi nne. Wewe mwombe afanye hivi. Achomoe koili ya silinda ya kwanza aipeleke ya pili, ya pili ailete ya kwanza. Kwenye Toyota nyingi ndogo ni boliti moja moja ya spana namba 10. Afute kodi, mkazunguke na gari. Kodi ikirudi kama P0302, ugonjwa umehama na koili, basi nunua koili moja. Ikibaki P0301, rudieni mchezo huohuo kwa plagi. Ikiendelea kubaki hapohapo, angalieni nozeli inayopulizia mafuta, kisha pimeni kampresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Mpaka hapo hujanunua kitu.

Umeme nao una kipimo chake. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, inasoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na ushee huku gari linawaka, altaneta haichaji, na betri mpya utakayonunua leo itakufa keshokutwa. Nimeona watu wakibadilisha betri mara mbili kabla ya mtu kuuliza habari ya altaneta.

Lipia upimaji kama kazi inayojitegemea. Fundi anayepima bure atarudisha gharama yake kwenye spea.

Hatua ya 5: Omba bei iliyochambuliwa, kwa maandishi

Ujumbe wa WhatsApp unatosha, ila uwe na mistari mitatu: spea (jina, aina, bei), ufundi, na vidogovidogo kama oili, gasketi na silikoni. Bei ya jumla jumla, "nipe laki nne tumalize," ikatae kwa upole.

Kwa kila spea kubwa uliza bei tatu. Ya kwanza ni orijino yenye nembo ya kampuni ya gari. Ya pili ni ya watengenezaji wa vipuri wanaojulikana: Denso na NGK kwa plagi, KYB kwa shokapu, Aisin kwa klachi na pampu za maji, 555 kwa boljointi na tairodi. Hizi mara nyingi ubora wake unakaribia orijino kwa bei nafuu, na kwa sababu hiyohiyo ndizo zinazofekiwa sana. Nunua kwa duka linalokupa risiti ya EFD yenye jina la duka, na usikubali plagi zisizo na boksi. Ya tatu ni mtumba iliyochomolewa Japani au iliyopitia Dubai.

Mtumba si wa kukwepa kila mahali. Mlango, boneti, taa, saiti mira, stata, altaneta, hata injini nzima, chukua. Pedi za breki, belti, pampu ya maji, boljointi, tairodi na plagi, usichukue hata ukipewa bure. Hivyo ni vitu vya usalama, au vya kazi ambayo ufundi wake unazidi bei ya spea. Ukifunga kilichochoka utalipa ufundi mara mbili.

Agiza kwa chesisi, siyo kwa jina la gari. "Naomba pampu ya IST" hakumwambii muuzaji chochote: NCP60 ina injini ya 1.3, NCP61 ya 1.5. Vitz ya KSP90 ina injini ya silinda tatu, SCP90 ina nne. Mtu anakwenda Shauri Moyo mara tatu kwa boda kurudisha spea isiyoingia, kisha analalamika spea zimepanda bei.

Hatua ya 6: Acha gari gereji kwa utaratibu

Piga picha kilomita, geji ya mafuta, tairi la spea, jeki, redio, na gari pande zote nne. Kama hujachora namba ya gari kwenye vioo na taa, fanya hivyo mapema.

Kisha tuma ujumbe huu, uubadilishe upendavyo: "Fundi, tumekubaliana kubadilisha koili moja na plagi nne, jumla Sh…… Ukikuta tatizo lingine nipigie kwanza, usifungue wala kununua. Spea za zamani niwekee kwenye buti." Subiri ajibu "sawa bosi." Neno hilo ndilo mkataba wako.

Angalizo: kwa kazi inayolipwa na waranti ya kiwanda, wakala atabaki na spea ya zamani. Ni kawaida, mtengenezaji huwa anaitaka. Usigombane naye kwa hilo.

Hatua ya 7: Ukinunua injini au giaboksi ya mtumba, waranti iandikwe kabla hujalipa

Hapa ndipo vilio vingi vinapotoka. Muuzaji anasema "waranti ipo, ya mwezi," na wewe unasikia "hela yangu iko salama." Mwezi wa nini? Giaboksi ikikataa, unarudishiwa hela au unabadilishiwa? Ukibadilishiwa, nani analipa kushusha na kupandisha? Kushusha giaboksi ni kazi ya siku nzima, na ikifa utailipia tena, pamoja na oili mpya. Wengi wanaosema waranti imewasaidia, ukikaa nao vizuri, walipata giaboksi nyingine na kulipa ufundi mara mbili.

Mwombe muuzaji aandike nyuma ya risiti, kwa mkono wake:

"Nimeuza giaboksi ya CVT ya gari chesisi namba ……, namba ya giaboksi ……, leo tarehe ……, Sh …… Nimepiga alama ya rangi. Ndani ya siku 30 tangu kufungwa, ikiteleza, ikigoma kuingia gia au ikilia, nitabadilisha na nyingine au kurudisha hela, mnunuzi atachagua. Ufundi wa mara ya pili tutagawana nusu kwa nusu. Oili itakayotumika: ……"

Piga picha alama hiyo ya rangi siku hiyohiyo, ndiyo itakayoonyesha kwamba giaboksi ni yake. Nusu ya ufundi ni jambo la kujadiliana. Wengine watakataa kabisa. Lakini mstari wa oili usiuache. Sababu ya kwanza ya kukataliwa ni "mmeweka oili mbaya," na mara nyingi muuzaji anasema kweli. Giaboksi ya CVT ya Nissan inataka oili yake, NS-2 au NS-3 kutegemea mwaka. Za Toyota zina oili yao ya CVT. Ukitia ile oili nyekundu ya giaboksi za kawaida, mkanda wa chuma ndani unateleza na safari imeisha. Nunua mkebe uliofungwa, piga picha ukiwa pembeni ya gari, tunza mkebe mtupu.

Mwambie pia fundi asafishe njia za kupozea oili, zile zinazopita kwenye rejeta. Giaboksi iliyokufa imeacha chembe za chuma humo. Ukifunga nyingine bila kusafisha, inazinywa siku ya kwanza.

Hatua ya 8: Namna ya kudai waranti ya kiwanda

1. Simamisha gari. Taa nyekundu ya oili au joto likipanda, kuendelea kilomita mbili "nifike tu nyumbani" ni sababu tosha ya kukunyima.
2. Usimruhusu fundi wa mtaani kufungua, hata kwa nia njema. Usichomoe betri, maana kodi zilizohifadhiwa zinaweza kufutika, na ndizo ushahidi wako.
3. Piga picha dashibodi, kilomita na mahali gari liliposimama. Ita bredauni, tunza risiti.
4. Andika dalili kwenye fomu ya kupokelea gari kwa maneno yako. Mpokeaji akiandika "mteja analalamika sauti," mwombe aongeze: sauti gani, wapi, lini.
5. Uliza kabla: waranti ikikataa, gharama ya kupima ni kiasi gani?
6. Ukikataliwa, omba kukataliwa kwa maandishi, kukiwa na kifungu cha mkataba kilichotumika. Nimeona madai yaliyokuwa "hayawezekani" yakafufuka baada ya mteja kuomba tu barua.
7. Kama barua haina mashiko, panda kwa meneja wa sevisi, kisha ofisi ya mtengenezaji ya kanda. Baada ya hapo kuna Tume ya Ushindani, FCC, inayopokea malalamiko ya walaji.

Kwa gari la yadi lisilo na waranti, usikate tamaa mapema. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi uliyomweleza. Kinachoweza kukubana ni kama ulilikagua na kasoro ilikuwa wazi, au ulisaini kwamba unanunua lilivyo. Kabla ya kusaini mkataba wa mauzo, tafuta maneno hayo "kama lilivyo" na ujue yanakuvua nini. Kenya wana pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012.

Na usichanganye waranti na gari kuitwa kiwandani. Mtengenezaji akigundua kasoro ya usalama, kama ile ya mifuko ya hewa ya Takata iliyogusa mamilioni ya magari yakiwemo ya Japani, umri wa gari na kilomita haviangaliwi kama kwenye waranti. Toyota na wengine wana ukurasa wa kuangalia kwa namba ya chesisi. Angalia ya kwako leo, kisha muulize wakala.

Hatua ya 9: Jitengenezee waranti yako

Kama gari lako ni la kundi la pili, lile lililotumika la kuagiza Japani, mlipaji ni wewe. Tenga kiasi kwa kila kilomita. Tuseme Sh50: ukitembea kilomita 1,500 kwa mwezi, ni Sh75,000 inayokwenda kwenye akaunti ya simu usiyoigusa. Gari la CVT au haibridi liongezee.

Halafu usijiharibie kwa mkono wako. Usijaze maji ya bomba kwenye rejeta, tumia kuulanti. Usikubali fundi atoe tamostati "ili lisichemshe"; injini itafanya kazi ikiwa ya baridi, itakunywa mafuta, na ugonjwa halisi utabaki umejificha. Mwenye Prius au Aqua, safisha kila mara tundu la kupozea betri pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Vumbi likiziba, betri inapata joto, na hiyo ndiyo bili kubwa kuliko zote kwenye gari hilo.

Ukikwama

*Fundi ameshafungua, bei imepanda mara tatu.* Usilipe wala usigombane. Mwombe akuonyeshe kilichoharibika kwa macho na akupe mchanganuo. Mlete fundi wa pili hapohapo gereji, mlipe nauli na muda wake. Mara nyingi bei inashuka akiwa bado anapaki pikipiki.

*Taa ya injini ilizimwa, imerudi baada ya siku mbili.* Ilifutwa kodi, haikutibiwa. Soma kodi mwenyewe. Kama ni ileile, rudi na picha ya mwanzo na ya sasa. Ufundi wa pili hulipi.

*Gari liko gereji wiki ya tatu, "spea inakuja."* Omba picha ya oda na jina la muuzaji. Kama hakuna, ongea na duka mwenyewe kwa namba ya chesisi. Spea isiyopatikana Dar hutokea Dubai au Japani, lakini lazima mtu awe ameiagiza kweli.

*Muuzaji wa giaboksi anadai alama yake imefutika.* Ndiyo maana ulipiga picha siku ya kununua, na namba ya giaboksi imo kwenye risiti. Kama hukufanya hivyo, jaribu mapatano ya kuongeza hela kidogo upewe nyingine. Kesi yako ni dhaifu.

*Bima kubwa imekataa kulipa injini.* Bima inalipa ajali, wizi, moto na majanga yaliyotajwa. Injini iliyochoka au kukosa oili haimo humo, na si kosa la kampuni ya bima.

*Gari limezimika kwenye maji.* Hili la Jangwani, Dar, kila msimu wa masika. Usiwashe tena, hata mara moja, hata askari akipiga filimbi. Maji yakiwa ndani ya silinda, kuwasha kunapinda koni rodi, na gari la kukausha linageuka gari la kubadilisha injini. Waranti hailipi maji. Bima kubwa inaweza kulipa kama mafuriko yamo, lakini wakikuta ulijaribu kuwasha watakuwa na la kusema. Chomoa tamino ya betri kama unaifikia salama, lisukumwe, piga picha usawa wa maji, wapigie bima kabla ya fundi. Plagi zitatolewa gereji, maji yatoke, na oili itazamwe: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwagwe yote kabla mtu yeyote hajagusa funguo.